Grili ya gesi inasumbua? Pita dalili moja moja kabla hujakimbilia dukani

Kila masika ikiisha simu zinaanza. Mtu katoa grili yake uani, kaifunua, kafunga mtungi, wageni wameshakaa, kuku wameungwa tangu asubuhi, halafu jiko linalia tik tik tik na hakuna kinachowaka. Ananipigia kashakata tamaa, "fundi hii imekufa, niambie ninunue ipi inayodumu". Namjibu hivyo hivyo kila mwaka, usinunue kwanza, niambie inafanyaje. Maana nusu ya grili ninazoitiwa hazijafa, zimeziba. Na zile zilizokufa kweli zimekufia ndani, kwenye bana na tumbo, wakati mfuniko bado unang'aa kama siku ya kwanza. Ukishajua yako imeugua nini ndo utajua dukani uangalie wapi, kwa hiyo kila dalili hapa nimeambatanisha na cha kuangalia ukiwa unanunua.

Mimi niko Kigamboni, upepo wa bahari unaingia mpaka jikoni, kwa hiyo nikiongelea kutu naongea kwa uchungu.

Majina kwanza tusipotezane. Tumbo ni lile boksi linaloshika moto. Bana ni bomba lenye vitundu linalolala ndani ya tumbo, na upande wa vishikizo lina mdomo wazi, mi naita shingo, hapo gesi inachanganyika na hewa. Nozo ni kile kidude cha shaba chenye tundu dogo kama la sindano, kinarusha gesi kuingia shingoni. Juu ya bana kuna mabati ya kinga, kisha wavu unaoweka nyama. Mengine utayaelewa tukienda.

"Nasikia harufu ya gesi"

Naanza na hii kwa sababu watu huiuliza ya mwisho, tena kwa kupitia tu, "halafu fundi kuna kaharufu kidogo ila inawaka vizuri". Kaharufu kidogo hakuna kitu kama hicho, bwana. Gesi ya mtungi yenyewe haina harufu, ile kama kitunguu kilichooza huwekwa makusudi ili ushtuke. Na ni nzito kuliko hewa, haipandi ikapotea juu, inashuka chini inatambaa sakafuni, inajaa kwenye shimo la maji machafu au kona ya ukuta na kusubiri mtu awashe kitu.

Funga mtungi kwanza, zima chochote chenye moto karibu, halafu chukua maji na sabuni ya kuoshea vyombo, changanya iwe na povu zito. Fungua mtungi huku koki za grili zote zimefungwa, paka povu kwa brashi kuanzia kichwa cha mtungi, regulata, mpira wote, mpaka unapoingia kwenye grili. Povu likivimba kama pipi ya kutafuna, hapo hapo ndo panavuja.

Kwa mpangilio wa ninavyokutana navyo: kwanza ni maungio ya mpira, klipu imelegea au mtu alifunga kwa waya (ndiyo, waya wa kufungia nondo, nimeshaukuta). Kaza klipu, pima tena. Pili ni mpira wenyewe, ukiukunja unaona nyufa ndogo ndogo kama kisigino cha kiangazi, huo haukarabatiwi wala haufungwi soloteki, unatupwa. Panya nao wanaupenda sana mpira uliomwagikiwa mafuta ya kuku. Tatu ni ile ringi ndogo ya mpira kwenye kichwa cha mtungi, imekauka au haipo kabisa. Hiyo mrudishie aliyekuuzia akubadilishie mtungi, usichokoe kwa bisibisi.

SIMAMA HAPA: kama povu linavimba kwenye valvu ya mtungi hata ukiwa umeifunga, au unasikia ssss na hujui inatokea wapi, usitafute zaidi. Mtungi kama unashikika usogeze nje pa wazi, ukiwa umesimama wima, mbali na watu na moto, halafu piga simu. Zimamoto Tanzania ni 114. Na usipime kuvuja kwa kiberiti, najua kuna mafundi wanafanya hivyo mbele ya wateja, wewe usiwaige.

"Inatoa cheche ila haiwaki"

Mtungi umeisha. Unacheka, lakini hii ndo namba moja, na mtu atabisha kwamba kajaza juzi. Pima kwenye mizani: mtungi una uzito wake mtupu umeandikwa kwenye shingo au kwenye kola, toa huo, kinachobaki ndo gesi. Kutikisa hakuelezi chochote. Ukinunua mtungi dai upimiwe pale pale kabla hujalipa, mizani muuzaji anatakiwa kuwa nayo.

Kama gesi ipo, angalia regulata imekaa. Zile za kubofya zinaweza kukaa zimeegama, zinaonekana zimeshika kumbe hazijafungua. Vua, angalia ringi, rudishia mpaka usikie klik.

Kama imekaa, weka sikio (sio uso) karibu na bana, fungua koki moja sekunde mbili. Unasikia gesi inapumua? Basi tatizo ni cheche iko mbali na gesi. Kile kichwa cha kauri kinachotoa cheche kimepinda au kimejaa mafuta, kisafishe na kisogeze kiwe karibu na vitundu, nafasi ya kama milimita 4 au 5 inatosha.

Husikii kitu? Shingo au nozo imeziba, na hapa mhalifu wa pwani ni dondora. Yule nyigu mweusi mwembamba kiuno anayejenga nyumba ya udongo ukutani, shingo ya bana kwake ni nyumba iliyokamilika, bado mlango tu. Mwaka jana nilifungua grili ya mama mmoja Mjimwema, ilikuwa imelala miezi mitatu, nikachomoa bana na kuigonga kwenye tofali, kikatoka kipande cha udongo kigumu kama chaki, ndani yake buibui watano wamepangwa kama sadini, chakula cha mtoto wa dondora. Yule mama alikuwa ameshaenda kutafuta bei ya grili mpya mara mbili. Matibabu: zima kila kitu, vua wavu na mabati, chomoa bana (mara nyingi ni skrubu moja au pini nyuma), pitisha brashi ndefu ya kuoshea chupa shingoni, pitisha waya mwembamba kwenye vitundu vya bana kimoja kimoja. Nozo yenyewe usiichokoe kwa msumari wala sindano nene, tundu likitanuka kidogo tu moto wote unaharibika, puliza kwa upepo au loweka kwenye maji ya sabuni.

Baada ya hapo ziba midomo ya shingo na kiwavu chembamba cha chuma kama huitumii muda mrefu. Usizibe na tambara, utalisahau. Mimi nililisahau.

Kingine muhimu kuliko vyote: unapowasha, mfuniko uwe WAZI kila siku ya Mungu, na kama haijawaka ndani ya sekunde 5 funga koki, subiri dakika 5 ndo ujaribu tena. Watu wanaendelea kubofya huku gesi inajaa tumboni, siku cheche ikikubali nyusi zinakwenda nazo.

Na kama cheche yenyewe haipo, ni betri. Iko nyuma ya kile kitufe, kifungue kwa mkono, utakuta kabetri kadogo kamevimba kutu ya kijani. Safisha springi, weka mpya. Isipokubali tumia kiberiti cha gesi cha mdomo mrefu na uishi kwa amani, kiwashio hakijawahi kuivisha mshikaki. Ndo maana dukani muuzaji akikusifia kiwashio dakika tano mwulize bana ni ya chuma gani, uone anavyobadilisha mada.

"Inawaka lakini moto mdogo, nyama inachemka haichomeki"

Hii inawakera watu kuliko zote, maana grili inaonekana nzima. Unafunga mfuniko dakika ishirini, kipimajoto kinagota nyuzi 120 mpaka 150 na hakiendi popote, kuku anatoa maji anakuwa mweupe kama wa hospitali.

Sababu ya kwanza ni mkono wako. Regulata nyingi, hasa zinazokuja na grili za Marekani, ndani zina kizuizi kwamba gesi ikitoka ghafla kwa kasi inadhani mpira umekatika, inabana. Sasa wewe umefungua koki za grili kwanza, ukaja kufungua mtungi kwa nguvu kama bomba la maji la DAWASA, imejibana na itakaa hivyo hivyo siku nzima. Dawa haina gharama: zima koki zote, funga mtungi, vua regulata, subiri dakika mbili tatu, rudishia, fungua mtungi taratiiibu, hesabu mpaka kumi, halafu washa koki moja, ya pili, ya tatu. Nimeshalipwa pesa ya usafiri kwenda kufanya hili tu, siku hizi naelekeza kwa simu.

Ya pili ni regulata mbili kwenye mstari mmoja. Grili kutoka nje imekuja na regulata yake kwenye mpira, nati yake haiingii kwenye mitungi yetu, fundi wa mtaani akaunga regulata ya hapa mwanzoni na ile ya kwanza akaiacha. Moja inashusha presha, nyingine inashusha tena ile iliyoshushwa. Inatakiwa moja tu. Hizi za majumbani hapa kwetu zinatoa kama milibari 28 mpaka 30 na grili za Marekani zinataka karibu na hapo hapo, kwa hiyo regulata nzuri ya hapa na mpira wa gesi wa kueleweka vinatosha, ile nyingine toa. Lakini mtu asikudanganye ufunge ile ya presha kubwa yenye kishikizo cha kuzungusha, ya majiko ya chipsi na ya shughuli. Moto utaupata kweli, na koki za grili hazikutengenezwa kubeba presha ile.

Ya tatu ni mtungi mdogo. Grili ya bana tatu nne unaifunga kwenye mtungi wa kilo 6, washa zote mpaka mwisho, baada ya nusu saa shika mtungi kwa chini: baridi, unatoka jasho. Gesi humo ndani ni kimiminika, ili igeuke mvuke inakula joto la mtungi wenyewe, mtungi mdogo unaishiwa joto na presha inashuka. Moto unafifia wakati gesi bado ipo, ukiuacha usiku asubuhi unawaka vizuri na unamwona muuzaji mtungi kama mwizi bure. Tumia wa kilo 15. Na walioko Njombe na Mafinga mwezi wa 7 wanalijua hili vizuri zaidi, maana gesi yetu ni mchanganyiko wa propane na butane, na butane ikikaribia nyuzi 0 inagoma kabisa kuwa mvuke. Usiumwagie maji ya moto wala kuuwekea mkaa karibu, jamani. 

Ya nne ni mpira umejikunja nyuma ya mtungi au umebanwa na gurudumu. Sekunde kumi kuangalia.

Dukani hapa ndo wanapokupigia: BTU. Wanaandika namba kubwa kwenye boksi kana kwamba ni nguvu za farasi. BTU ni kipimo cha nishati ya gesi inayokula kwa saa, sio joto linalofika kwenye nyama. Grili ya BTU 30,000 ikiwashwa zote mwisho inakula kama gramu 650 kwa saa, maana yake kilo 6 ni kama saa 9, kilo 15 ni kama saa 23. Ukikuta ya 60,000 lakini bati lake jembamba unalibonyeza kwa kidole gumba na mfuniko una upenyo wa kupitisha kalamu, nusu ya gesi yako inaota na majirani. Mi nachukua ya BTU chache yenye tumbo zito na mfuniko unaokaa. Ubonyeze mfuniko, unyanyue, uuachie kidogo: wa maana unatoa mlio wa mlango wa gari, wa bati unalia kama sinia.

"Moto wa njano na sufuria na wavu vinatoka masizi"

Moto mzuri ni bluu wenye ncha za njano kidogo. Njano tupu na mrefu ni gesi haipati hewa ya kutosha. Kwanza shingo imeziba nusu (dondora tena, au utando wa buibui, safisha kama juu). Pili ile bati ya kurekebisha hewa kwenye shingo imefungwa sana, legeza skrubu, fungua kidogo kidogo huku mtu mwingine anaangalia rangi ya moto, ukianza kunguruma na kuruka juu ya vitundu umepitiliza, rudisha. Tatu bana haijakaa, nozo inatakiwa iingie ndani ya shingo katikati, ukimaliza kusafisha watu wengi wanairudisha inaning'inia pembeni.

Nne, na hii ni kwa wanaonunua grili za mtumba zinazoshuka bandarini: inawezekana ilitengenezwa kwa gesi asilia ya bomba. Nozo za gesi asilia zina tundu kubwa, kwa sababu gesi ile kwa ujazo ule ule ina nishati kama mara mbili na nusu pungufu ya ya mtungi. Ukiifunga kwenye mtungi inatema moto wa njano wa futi moja tangu siku ya kwanza, hakuna usafi utakaosaidia. Angalia kibandiko nyuma au ndani ya mlango wa kabati, ikiwa NG (gesi asilia) usilipe mpaka ujue nozo za LPG (gesi ya mtungi) za modeli hiyo utazipata wapi. Wale wachache wa Dar na Mtwara walioungiwa bomba mambo kwao ni kinyume, grili ya mtungi kwao itawaka kama mshumaa. SIMAMA HAPA pia: kubadilisha nozo na regulata kutoka gesi moja kwenda nyingine ni kazi ya fundi wa gesi, na usikubali atoboe nozo kwa drili ya kubahatisha.

"Upande mmoja unaunguza, mwingine unapoza"

Vitundu vya bana vimeziba mafuta, waya na brashi. Kama vimesafika bado, geuza bana uiangalie kwa tochi chini, utakuta kutu imekula vitundu viwili vitatu vikaungana kuwa mpasuko mmoja. Gesi yote inatokea hapo, upande wa pili haufiki. Bana ikipasuka haichomelewi, badilisha. Mabati ya kinga nayo yakitoboka moto unapita tundu moja kwenda kwenye nyama.

Kuna jaribio la mkate: washa zote kati, funga dakika kumi, panga slesi za boflo wavu mzima, funga dakika moja, geuza uone. Ramani ya joto lako ndo hiyo, imechorwa na siagi hujapaka. Tofauti ndogo kila grili inayo, unaitumia tu, pale pakali weka mishkaki pale pa poa weka ndizi.

"Miali inaruka, nyama inaungua nje mbichi ndani"

Sio ugonjwa wa jiko mara nyingi, ni mafuta ya wiki tatu. Trei ya chini ikijaa na mabati ya kinga yakiwa na tabaka nene, tone moja la mafuta ya mbuzi linatosha. Ukimaliza kuchoma kila mara acha moto mkubwa dakika kumi na tano vikauke vikwanguke, mwaga trei. Wavu nasugua na nusu kitunguu kwenye uma wavu ukiwa wa moto, brashi ya waya naiogopa kwa sababu nyuzi zinakatika zinabaki kwenye wavu na zinaishia kooni kwa mtu. Na kuku wa kuloweka kwenye mafuta mengi mkung'ute kwanza.

Moto wa mafuta ukikushinda: zima koki, funga mtungi kama unaufikia bila kupita kwenye moto, shusha mfuniko na uuache umefungwa. Chumvi au mchanga, MAJI HAPANA. Mafuta ya moto yakikutana na maji yanaruka yanawaka hewani, nimeona mikono ya mtu. Kama moto umefika kwenye mpira au mtungi toa watu, piga 114, nyama mtanunua nyingine.

"Moto unatokea nyuma ya vishikizo"

Zima mtungi. Usizime koki, zima MTUNGI, koki zina moto. Hii ni shingo imeziba kabisa, gesi inarudi nyuma na kuwakia nje ya bana, chini ya paneli. Dalili yake ndogo kabla ya kufika hapo ni vishikizo kuwa vya moto huvishiki, au plastiki yake kuanza kulainika. Safisha shingo, lakini kabla hujawasha tena ondoa paneli uangalie koki na mpira nyuma kama vimeungua. Chochote kilichobadilika rangi au kulainika, usiwashe, mwite fundi. Hapa sitanii hata kidogo, hii ndo inayochoma nyumba kwenye veranda za makuti.

"Kutu! Nimenunua mwaka jana tu"

Hapa nitakaa kidogo. Grili yangu ya kwanza niliichagua kwa kung'aa, muuzaji aliniambia ni chuma cha pua kisichoshika kutu, nikaamini kwa sababu nilijiona usoni kwenye mfuniko. Masika mbili. Ya kwanza vilianza vidoti vya rangi ya chai, ya pili nikanyanyua wavu, tumbo likawa na tundu naona majani ya chini. Mfuniko bado najiona.

Chuma cha pua sio kimoja. Nenda na sumaku, ile ya kwenye friji inatosha. Ikishika kwa nguvu hiyo mara nyingi ni aina ya 430, haina nikeli ya kueleweka, bara kavu kama Dodoma itaishi, pwani itakutia aibu. Isiposhika, au ikishika kidogo sana kwenye kona zilizokunjwa, hiyo inaweza kuwa 304, ina nikeli kama asilimia 8, ndo ya kutafuta (ila uliza uhakikishe, maana 201 ya bei rahisi nayo sumaku haiishiki). Hata 304 karibu na bahari itapata madoa ya chai, lakini ni ya juu juu, unafuta. Ila sumaku usiweke kwenye mfuniko kama kila mtu, mfuniko ndo wanapoweka chuma kizuri. Iweke kwenye bana, kwenye mabati ya kinga, na mkono upitishe chini ya tumbo. Wakikukatalia kunyanyua wavu, toka.

Tumbo la alumini ya kumimina halina kutu kabisa, haling'ai, lina rangi ya kijivu la kuchosha, na ndo linalodumu kuliko yote niliyotengeneza. Tumbo la bati lililopakwa rangi ndo la kwanza kutoboka. Wavu wa chuma cha kasti unashika joto vizuri na alama za nyama unazipata, ila unataka kupakwa mafuta kila ukimaliza kama kikaango, ukiwa mvivu chukua wavu mnene wa 304. Wavu uliopakwa enameli angalia kingo, ikibanduka tu kutu inaingia chini yake na vipande vinakwenda kwenye ugali.

Kwa uliyonayo tayari: kutu ya juu kwenye wavu na mabati sugua, paka mafuta, endelea. Usitumie stili wulu kwenye chuma cha pua, inaacha vichembe vya chuma vinavyoota kutu vyenyewe, wala dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, inachimba vishimo. Suuza nje kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara moja kwa wiki (sio ya kisima cha Kigamboni, yale nayo ni bahari ndogo). Halafu lile koti la plastiki. Watu wanafunika grili ikiwa na joto au unyevu, koti linashika maji ndani wiki nzima, inaoza ikiwa imevaa vizuri. Ipoe kabisa, ikauke, ndo uvalishe, na siku ya jua livue.

SIMAMA: tumbo likitoboka chini karibu na mtungi, au ile reli inayoshika koki ikilegea kwa kutu, hiyo haina matengenezo ya bei ya maana. Toa koki na vishikizo kama spea, mengine kwa wauza vyuma chakavu.

Na kabla hujalipa mpya au mtumba, pima urefu wa bana kwa futi na piga picha jinsi zinavyofungwa, halafu uliza Kariakoo kama kuna za kufanana. Bana ndo itakayokufa kwanza hata kwenye grili ya mamilioni, miaka mitatu, mitano, na jiko ambalo bana yake haipatikani lina umri wa bana yake. Yangu ya sasa ni ya mtumba, tumbo la alumini, niliinunua mfuniko ukiwa umebonyea na gurudumu moja halipo, mwenye nayo akanipunguzia kwa sababu ya hilo bonyeo. Nimebadilisha bana mara moja, nimeweka tofali kwenye gurudumu. Wageni wote wanaanza kwa kuniuliza mfuniko umegongwa na nini.